Kabla ya kuchagua 720p, pima laini yako

Swali linalorudi kila wiki kutoka kwa wanaorusha ibada, harusi na mazishi mubashara hapa Nairobi ni lile lile: "Niweke ngapi?" Wanaulizia kiwango cha biti: ile nafasi ndani ya OBS, programu ya kurushia video, au ndani ya enkoda, kifaa au programu inayobana video, inayodai namba ya kilobiti kwa sekunde. Jibu la mtaani huwa namba kavu: weka 4500, weka 6000, fulani huweka 8000. Namba kavu haijui inapita njia gani. Ya fundi aliye Westlands kwenye faiba ya ofisi haiwezi kumfaa fundi aliyetumwa Siaya na modemu ya laini ya simu.

Kiwango cha biti huchaguliwa kuanzia kwenye laini kuja kwenye picha. Kwanza jua laini inabeba kiasi gani katika dakika yake mbovu kuliko zote. Acha nafasi ya kupumua. Toa biti za sauti. Kinachobaki ndicho kitakachokuambia picha iwe na ukubwa gani: 480p, 720p au 1080p, yaani mistari mingapi ya pikseli kutoka juu hadi chini. Anayeanza na "mteja anataka 1080p" mara nyingi huishia na 1080p inayoganda kila baada ya dakika tatu, na shangazi aliye Dallas anakosa kuona jeneza likishushwa. Hiyo haiwezi kurudiwa kesho, ndiyo maana namba hii inastahili hesabu badala ya kubahatisha.

Megabiti si megabaiti

Tulimalize hili haraka. Laini hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, bando huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kariri moja tu: megabiti 1 kwa sekunde, ikienda saa nzima, ni megabaiti 450. Kwa hiyo video ya kilobiti 2,200 pamoja na sauti ya 128 ni 2,328, yaani takriban gigabaiti 1.05 kwa saa. Ibada ya saa nne itakula gigabaiti 4.2. Ongeza asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya vichwa vya pakiti, vile vipande vidogo ambavyo data husafiria, na zile zinazotumwa upya, ufike kama 4.6. Bando ya gigabaiti 5 inatosha, lakini kwa kubana sana, na sasisho moja la Windows likianza kushuka katikati ya mahubiri halitakuachia kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, iambie kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, na sasisho nyingi zitasubiri.

Sakafu ya laini

Programu za kupima kasi hazisemi uongo, ila zinajibu swali jingine. Hupima kwa sekunde chache, hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, na huchagua seva iliyo karibu nawe, mara nyingi papa hapa Nairobi. Urushaji wako ni muunganisho mmoja, unaokwenda saa nyingi bila kupumzika, hadi kwenye seva ambayo huenda iko bara jingine. Tena wengi husoma namba kubwa ya kupakua. Wewe unapakia. Kifurushi cha intaneti kinachotangazwa kwa namba moja kubwa kinaweza kuwa na upande wa kupakia mdogo kuliko unavyodhani.

Umbali una uzito wake, na ni vyema uuone kwa hesabu. RTMP, pamoja na aina yake iliyosimbwa RTMPS, itifaki inayotumiwa na wengi kurushia YouTube na Facebook, husafiri juu ya TCP, kanuni ya mtandao inayohakikisha kila pakiti imefika. TCP ya kawaida hupunguza mwendo kila pakiti inapopotea, kisha huupandisha tena polepole, na upole huo hutegemea muda wa kwenda na kurudi. Chukua laini inayopoteza pakiti 1 katika kila 100. Seva ikiwa karibu, milisekunde 10 kwenda na kurudi, muunganisho mmoja bado unaweza kubeba takriban megabiti 14 kwa sekunde. Seva hiyo ikiwa Ulaya, tuseme milisekunde 150, kinachobaki hakifiki megabiti 1. Ukiupunguza upotevu hadi pakiti 1 katika 1,000, njia ile ya Ulaya inapanda hadi kama 3. Laini ni ile ile, kifurushi ulicholipia ni kile kile. Kilichobadilika ni umbali na upotevu.

Ndiyo maana kipimo cha ndani ya nchi kinaweza kung'aa huku urushaji ukisuasua. Trafiki kati ya mitandao ya hapa nyumbani hubadilishana hapa hapa, KIXP ikiwa mojawapo ya sehemu za kubadilishania. Ya kwenda nje hupita kwenye nyaya za baharini zinazotua Mombasa, kama SEACOM na TEAMS za 2009 na EASSy ya 2010. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, kasi ya kwenda nje ilishuka Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, anayetazama kipimo cha seva ya Nairobi peke yake hawezi kuelewa kwa nini fremu, zile picha moja moja zinazounda video, zinaanguka.

Basi pima hivi. Chukua jina la seva unayorushia, lile lililo kwenye anwani ya RTMP, na ulipigie ping, pakiti fupi ya kupima muda wa kwenda na kurudi, mara 300. Kwenye Linux au Mac ni ping -c 300, kwenye Windows ni ping -n 300. Andika muda wa kati, muda mkubwa kuliko wote, na asilimia ya zilizopotea. Baadhi ya seva hazijibu ping kabisa, na hilo si ugonjwa. Kama una seva yako ya kukodi, tumia iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kwa dakika tano nzima, muunganisho mmoja, upande wa kupakia: iperf3 -c na anwani ya seva, kisha -t 300. Usitazame wastani wa mwisho pekee. Pitia mistari ya kila sekunde utafute ile iliyozama.

Kipimo bora kuliko vyote, na hakigharimu kitu zaidi ya data, ni kurusha kwa faragha. Fungua urushaji usioorodheshwa YouTube, siku ile ile ya wiki na saa ile ile ya shughuli, wiki moja kabla. Jumapili saa tatu asubuhi si sawa na Jumanne saa nane mchana. Faiba ya mtaani hugawanywa na majirani, na kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku kila nyumba ya Kasarani na Umoja inatazama kitu. Rusha nusu saa ukiwa na dirisha la takwimu la OBS wazi.

Tuseme umepima kila baada ya dakika kumi ukapata megabiti 9.1, 8.4, 6.0, 4.1 na 7.7. Wastani ni 7 na kitu. Uusahau. Sakafu yako ni 4.1. Kwenye faiba chukua asilimia 60 ya sakafu, kwenye laini ya simu chukua nusu. Asilimia 60 ya 4.1 ni 2.46, yaani kilobiti 2,460. Toa sauti ya 128, inabaki kama kilobiti 2,300 za picha.

Kuna wanaoona kuacha asilimia 40 ni kutupa mali. Tazama kinachotokea laini ikikwama kwa sekunde 3, jambo la kawaida kabisa. Ukiwa unarusha megabiti 4.0 kwenye laini ya 4.1, foleni iliyojikusanya ni megabiti 12, na nafasi ya kuilipa ni 0.1 tu kwa sekunde. Utahitaji dakika mbili kuimaliza, na OBS haisubiri dakika mbili. Foleni ikikaribia sekunde moja huanza kutupa fremu. Ukiwa unarusha 2.4, foleni ni megabiti 7.2 na nafasi ya kulipa ni 1.7. Kwa muda wa sekunde 4 na kidogo umesharudi. Ile asilimia 40 ndiyo inayolipa deni la kila mkwamo.

Kabla ya kuilaumu kampuni ya intaneti, angalia ndani ya jengo. Mtu mmoja ofisini akianza kupakia picha za harusi kwenye Google Drive, ruta hujaza foleni yake na ping inaruka kutoka milisekunde 20 hadi mia kadhaa. Kama ruta ni MikroTik, weka foleni inayoilinda kompyuta ya kurushia isiguswe na wengine, na jumla ya kupakia iwe asilimia 85 hadi 90 ya uwezo halisi, ili foleni ikae mahali unapoitawala wewe. Na kompyuta ya kurushia iende kwa kebo. Cat 5e hufika mita 100. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye ploti ya ghorofa saba zote tatu zimejaa.

Kutoka biti kwenda picha

Sasa una kilobiti 2,300. Zitoshe picha gani? Gawanya biti za sekunde moja kwa idadi ya pikseli za sekunde moja. Picha ya 1280 kwa 720, fremu 25 kwa sekunde, ina pikseli 23,040,000. Biti 2,300,000 ukigawanya kwa hizo unapata 0.1 kwa kila pikseli. Kwa H.264, kodeki (mbinu ya kubana video) ambayo karibu kila simu inaisoma, 0.1 ni kipimo kizuri cha shughuli za kawaida. Mhubiri aliyesimama mbele ya pazia anatosheka na 0.07. Wachezaji wa isukuti wanataka 0.15, na hata hiyo huenda isitoshe.

Chukua zile zile 2,300 uzitandaze kwenye 1920 kwa 1080. Pikseli zimekuwa 51,840,000 na kila moja inapata 0.044. Hapo nyuso zinageuka vibokisi kila mtu anapogeuza kichwa. Mtazamaji ataona 720p safi kuwa nzuri kuliko 1080p iliyomegeka, na kwenye skrini ya simu hatajua tofauti ya ukubwa. Ukiwa na kilobiti 1,200 nenda 854 kwa 480, utapata 0.117. Ukiwa na 700 nenda 640 kwa 360, ambayo inapata 0.12. Chini ya 350 achana na picha inayotembea. Weka picha moja tulivu na utumie biti kwenye sauti.

Kuna kesi moja inayoipindua hesabu hii: darasa au mkutano wa slaidi. Maandishi madogo yanahitaji ukubwa, lakini hayasogei. Hapo baki na 1080p, shusha fremu hadi 10 au 15 kwa sekunde, na kilobiti 1,000 hadi 1,500 zitatosha vizuri. Anayeshusha slaidi hadi 480p kwa sababu laini ni ndogo anawanyima wanafunzi herufi, na herufi ndizo walizozijia.

Mbona 25 na si 30? Stima ya Kenya ni hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa fremu 30 na shata, muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/60 hailingani na mpepeso huo, na matokeo yake ni mawimbi ya mwanga yanayopanda ukutani. Mtazamaji anaona kero. Enkoda inaona ukuta mzima ukibadilika kila fremu, na inaulipia biti. Weka kamera kwenye mfumo wa PAL, fremu 25, shata 1/50 au 1/100. Mawimbi hupotea, na unaokoa pia sehemu moja kati ya sita ya pikseli. Ila vyanzo vyote viwe 25. Kamera ya 30 ikiingizwa kwenye mchanganyiko wa 25, mwendo unaruka ruka. Simu nyingi huja zikiwa 30, kwa hiyo tumia programu ya kamera inayokuruhusu kubadilisha.

Vinavyokula biti kimya kimya

Hapa ndipo ubora mwingi hupotea, na hakuna anayehitaji laini kubwa ili kuuokoa.

Enkoda hubana video kwa kukisia fremu ijayo kutokana na iliyotangulia. Kisichobadilika ni bure. Kinachobadilika kwa mpangilio ni rahisi. Kinachobadilika ovyo ni ghali sana, na hakuna kilicho ovyo kuliko chenga za gizani. Ukumbi wenye taa hafifu hulazimisha kamera kupandisha ISO, wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 6400, na chenga zinazozuka hazifanani fremu moja na nyingine. Nusu ya biti zako zinaweza kwenda kuchora chenga ambazo hakuna aliyetaka kuziona. Paneli mbili za LED zikielekezwa mimbarini, ISO ikashuka hadi 800, zitakufaa kuliko kuongeza kilobiti elfu moja. Kama taa haziongezeki, washa kichujio cha kupunguza chenga ndani ya kamera kabla picha haijafika kwenye enkoda.

Skrini ya LED iliyo nyuma ya mhubiri, yenye mawingu na cheche zinazozunguka bila kukoma, hula kuliko mhubiri mwenyewe. Waombe waweke picha tulivu. Mazishini shambani, majani ya migomba na nyasi kwenye upepo ndiyo mzigo. Sogea karibu, fungua lenzi ili nyuma iwe na ukungu, na mzigo unapungua papo hapo. Kamera ya mkononi hutikisa kila pikseli. Ile iliyo kwenye stendi haifanyi hivyo. Kubadili kamera kwa kufifisha picha moja ndani ya nyingine hulazimisha pikseli zote kubadilika kwa sekunde nzima. Ukiwa chini ya kilobiti 1,500, kata moja kwa moja. Na uzime fokasi ya kujiendesha mtu akiwa amesimama mahali pamoja, maana kila inapotafuta, picha nzima inavimba na kusinyaa.

Mipangilio yenyewe

Chagua CBR, yaani kiwango kisichobadilika. Kile kinachobadilika kina faida kwenye faili la kuhifadhi, lakini kwenye laini ndogo hukupa kilobiti 900 mhubiri akiomba na 5,000 kwaya ikiinuka, na sakafu yako haikuahidi 5,000.

Fremu mama, ile picha kamili inayojitegemea ambayo nyingine hujengwa juu yake, iwe kila baada ya sekunde 2. OBS ikiachiwa ijichagulie inaweza kuziachanisha mno. YouTube hutaka 2 na hukataza kupita 4. Usiende chini hadi sekunde 1 ukidhani unaongeza ubora. Fremu mama ni kubwa, na zikiwa nyingi zinapora zile nyingine.

Kasi ya x264, enkoda inayotumia prosesa, iwe "veryfast" kwa kompyuta ya kawaida. Kama kadi ya picha ina NVENC, au prosesa ya Intel ina Quick Sync, ambazo ni enkoda zilizojengwa ndani yake, itumie na uiachie prosesa kazi nyingine. Kwa wanaotumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, hesabu yetu ya 2,300 inaandikwa hivi:

-c:v libx264 -preset veryfast -r 25 -g 50 -keyint_min 50 -sc_threshold 0 -b:v 2300k -maxrate 2300k -bufsize 2300k -c:a aac -b:a 128k -ar 48000

Ile -g 50 ni fremu 25 mara sekunde 2. Ukibadilisha fremu kuwa 30 na kuisahau -g, fremu mama zitakuwa kila sekunde 1.67. Ile bufsize iliyo sawa na kiwango inaruhusu mawimbi ya sekunde moja tu. Kwenye faiba tulivu unaweza kuiongeza mara mbili upate picha laini zaidi kwaya inapoanza, lakini kwenye modemu iache ilivyo.

Sauti usiibane kwanza. Watu huvumilia picha iliyoganda kama neno linaendelea, lakini picha nzuri yenye sauti inayokatika wanaifunga. AAC, kodeki ya sauti, ya 128 kwa kwaya na vyombo, 64 ya mono kwa mazungumzo. Ukipunguza kutoka 128 hadi 32 unaokoa kilobiti 96, ambazo kwenye picha hazionekani, na umeiharibu sauti nzima.

Unaporusha, takwimu za OBS zina mistari mitatu ya fremu zilizokosekana, na watu wengi huichanganya. Zilizotupwa na mtandao zinatibiwa kwa kushusha kiwango cha biti. Zilizorukwa na enkoda zinatokana na prosesa kuzidiwa, na hapo hata ukishusha kiwango hadi 500 hakuna kitakachobadilika. Shusha ukubwa wa picha au hamia enkoda ya kadi. Zilizokosekana kwenye uchoraji zinatokana na kadi ya picha kuelemewa na madirisha na vichujio ulivyopanga. Soma ni mstari upi unaopanda kabla ya kugusa chochote.

Kurusha YouTube na Facebook kwa pamoja kutoka kwenye kompyuta moja ni kupakia mara mbili: 2,428 na 2,428 ni karibu megabiti 4.9. Kwenye sakafu ya 4.1 haiwezekani. Tuma mara moja kwenye seva ya kati, nayo igawanye.

Nje ya mji, na chini ya mabati

Modemu ikiwekwa ndani ya kanisa lililoezekwa mabati na kuzungushiwa mabati, mawimbi yake yanapambana na chuma. Itoe nje, iinue juu ya nguzo, na urudi ndani kwa kebo ya mtandao. Ukurasa wa modemu huonyesha namba mbili za kutazama. RSRP, nguvu ya mawimbi, ya -90 au bora ni nzuri, ikishuka chini ya -110 ni mbovu. SINR, usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, ndiyo ya kuaminiwa zaidi: ikipita 15 una hali nzuri, ikiwa chini ya 5 utateseka hata vijiti vyote vikiwa vimejaa. Geuza modemu nyuzi chache, subiri nusu dakika, soma tena. Mara nyingi upande bora si ule unaoutazama mnara kwa macho.

Tatizo la mazishi ni umati. Saa moja asubuhi ukipima kiwanjani uko wewe na watu wa viti. Saa sita wapo watu elfu mbili, na nusu yao wana simu mkononi zinazotuma picha WhatsApp kupitia mnara ule ule. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi kikatwe nusu, kisha ufanye ile hesabu ya nusu juu yake. Beba laini za mitandao miwili tofauti, maana laini mbili za mtandao mmoja hukwama pamoja. Ndani ya OBS, kwenye mipangilio ya Advanced, kuna kisanduku cha kuiruhusu ishushe kiwango yenyewe foleni ikizidi. Kwenye modemu kiwashe. Picha itachakaa kwa muda, lakini haitakatika.

Pale ambapo upotevu wa pakiti haukwepeki na seva ni ya mbali, SRT, itifaki nyingine ya kurushia, inafaa kuliko RTMP. Husafiri juu ya UDP, kanuni isiyosubiri uthibitisho wa kila pakiti, na huomba tu zile pakiti zilizopotea, bila kupunguza mwendo wa zote. Unahitaji seva ya kati inayopokea SRT kisha kupeleka RTMP YouTube. Ucheleweshaji uweke mara nne ya muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 160 mara nne ni 640, weka 800. Angalia mtego huu: ndani ya OBS na ffmpeg namba hiyo huandikwa kwa mikrosekunde, kwa hiyo ni latency=800000. Ukiandika 800 umeipa chini ya milisekunde moja, na itapoteza kila kitu huku ukiilaumu laini. Acha pia asilimia 25 juu ya kiwango kwa ajili ya kutuma upya. Mkondo wa 2,000 unahitaji 2,500 za uhakika.

Seva yako mwenyewe, na redio

YouTube hutengeneza ngazi za ubora yenyewe, ili aliye na bando ndogo Kakamega apate 240p na wa Dallas apate 720p. Ukitumia seva yako, ngazi hizo ni kazi yako. Zitengenezee kwenye seva, kamwe si kwenye kompyuta ya ukumbini, kwa sababu 600, 1,100 na 2,200 zikipakiwa zote ni 3,900. Ngazi hizo tatu, pamoja na moja ya sauti tupu, zinawatosha watazamaji wengi. Kila ngazi iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya iliyo chini yake. Zikikaribiana mno kicheza video kinarukaruka kati yake, zikiachana mno mtu anaangushwa kutoka picha safi hadi ukungu. Fremu mama za ngazi zote ziangukie sekunde ile ile, na urefu wa vipande vya HLS, mfumo unaoikata video vipande vipande ili kuwafikishia watazamaji, ugawanyike kwa 2. Vipande vya sekunde 6 vyenye fremu mama kila 2 vinakubaliana. Fremu mama kila sekunde 4 na vipande vya 6 havikubaliani, na kubadilisha ngazi kutakuwa na kishindo kila mara.

Hesabu ya kutoka kwa seva huwashtua wengi: watazamaji 200 kwa wastani wa megabiti 1.1 ni megabiti 220 kwa sekunde, na gigabaiti 99 kila saa. Uliza bei ya trafiki ya seva kabla ya kutangaza anwani.

Kwa redio ya mtandaoni mambo ni mepesi, ila bado naona vituo vinavyorusha MP3 ya 128 peke yake. Hiyo ni megabaiti 57.6 kwa saa. HE-AAC, aina ya AAC ya viwango vidogo, ya 48 inasikika vizuri kwa muziki kwenye spika ya simu na hula megabaiti 21.6. Kwa mahubiri na mijadala, HE-AAC ya 32 ni 14.4. Dereva wa matatu anayesikiliza saa tano kwa siku atatumia megabaiti 288 kwenye ile ya kwanza na 72 kwenye ya mwisho. Opus, kodeki nyingine ya sauti, inapendeza hata zaidi kwenye viwango hivi, lakini hakikisha inacheza kwenye simu za wasikilizaji wako, hasa za zamani, kabla ya kuifanya ndiyo pekee. Icecast, programu ya seva ya redio, hukuruhusu kuweka anwani kadhaa kwenye seva moja, basi weka anwani iitwayo /juu yenye kilobiti 96 na nyingine iitwayo /chini yenye 32, na kwenye ukurasa wa kituo andika waziwazi kila moja hula megabaiti ngapi kwa saa, ili msikilizaji achague kulingana na bando aliyonayo siku hiyo.